Mifi ya Huawei E5577: vile vitundu viwili ndo mpango mzima

Wadau mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Leo narekodi ndani ya gari, ndo maana mnasikia huo mngurumo, ni feni ya AC na nikiizima naiva hapahapa, tupo Morogoro mchana huu na jua limekaa utosini. Maiki mpya nimeshaagiza, msinirushie mawe kwenye komenti.

Haya, kidude chenyewe hiki hapa, Huawei E5577, ni mifi, yaani kirauta cha mfukoni, unachomeka laini ya simu kinakupa waifai. Najua ni cha zamani, najua ni 4G tu, Mbps 150 za kwenye karatasi, kikioo kidogo, watu kumi wanaingia, hayo yote yako kwenye boksi na kuna chaneli kibao zimeshayaongea. Mimi nina kitu kimoja tu ambacho mtu anakaa na hii mifi miaka na hajawahi kukigusa. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona hapa ukingoni? Kuna vifuniko viwili vidogo, ukivichokoa na kucha vinafunguka, na ndani kuna vitundu viwili vinang'aa. Hivyo ni vya antena ya nje. Aisee, mimi hivi ndo vimenifanya niipende hii kitu kuliko hotspoti ya simu, kuliko rauta kubwa, kuliko chochote cha bei hii.

Twendeni taratibu tuone. Nimeunga laptopu kwenye waifai yake, naandika 192.168.8.1 kwenye brauza, naingia, natafuta taarifa za kifaa. Sasa achaneni kabisa na vile vijistari vya mtandao kwenye kioo, vile vinawadanganya kila siku, vinajaa vyote halafu WhatsApp haiendi. Angalieni namba mbili, RSRP na SINR. RSRP ni nguvu ya mnara inayokufikia, inaandikwa kwa hasi, ikiwa -80 unakula raha, ikifika -110 huko ni kubahatisha. SINR ni usafi wa mawimbi, ikizidi 10 safi, ikishuka chini ya sifuri ni kelele tupu. Sasa hivi mifi iko hapa sakafuni karibu na godoro, inasoma -112. SINR 1. Mnaona? Na mnara si mbali kihivyo.

Kwa nini? Kwa sababu tumekaa ndani ya boksi la chuma, jamani. Wazungu wana yale magari yao ya kusafiria yenye kitanda na jiko na choo humohumo, mimi ni Hiace tu nimetoa siti za nyuma nikatupa godoro, lakini tatizo ni lilelile, bodi ya gari inazuia mawimbi, kinachopita ni cha madirishani. Haya nachukua antena hizi mbili, zile za kunyonya kioo, nabandika moja dirisha la kulia, nyingine la kushoto, msizigandishe pamoja, ziacheni nafasi. Nachomeka ya kwanza, klik. Ya pili, klik. Subirini kidogo inatulia... -101! SINR 9! Kaka hiyo tofauti ya 11 msiione ndogo, kwenye hizi namba kila 10 ni nguvu mara kumi, mara kumi kabisa, na laini ni ileile, bando lilelile. Spidi testi ilikuwa inahema kwenye Mbps 2, ngoja... 13, 14, 16. Narudia kuchomoa muone sidanganyi. -111. Narudisha. -101. Naweza kucheza hivi mpaka jioni.

Mambo mawili hapo ambayo wauzaji hawawaambii. Tundu lake ni TS9, kuna jingine linaitwa CRC9 linafanana nalo mno, ukibeba antena yenye kichwa cha CRC9 itakaa nusu nusu na utailaumu bure. Na waya mrefu mwembamba msinunue, antena inakusanya mawimbi halafu waya unayala njiani, kwa gari mita moja inatosha sana. Halafu matoleo ya hii mifi yanatofautiana, fungueni boksi muone vitundu kwa macho yenu kabla hamjalipa.

Bei? Nilijua mtauliza. Kariakoo jamaa alianzia laki na ishirini, tukaongea pale, nikaondoka nayo kwa tisini, antena pembeni. Hakikisheni haijafungwa kwa mtandao mmoja, chomekeni laini ya mtandao mwingine hapohapo dukani, akikataa mjue kuna jambo. Na muulizeni bendi, yaani masafa ya mnara ambayo mifi inayashika, maana bendi 20 na bendi 28, yaani MHz 800 na 700, ndo zinazofika mbali porini, za juu kama 2600 ni za mjini, zina spidi ila zinachoka haraka.

Kuna ndugu yangu mmoja kila video anakuja kuniambia simu inatosha. Sawa, inatosha, mpaka mtu akupigie. Kama simu au laini yako haina ile ya kupiga juu ya 4G, simu ikiita tu inashuka 3G, ikishuka 2G ndo kabisa data inasimama, na watu waliounga kwako wanakutolea macho. Halafu inachemka kama pasi. Na wale wa Starlink, ile intaneti ya setilaiti, wenzetu Kenya wanayo tangu Julai 2023, ni moto sijakataa, lakini hata lile dishi lao dogo la Mini linakula kama wati 25 mpaka 40, hii inakunywa kwenye tundu la sigara na pawabenki ya kawaida, mimi sina sola juu ya gari.

Sasa kwa matumizi ya nyumbani ntakuwa mkweli, mzuka unapungua kidogo. Nyumbani bati na zege navyo vinazuia, antena ukiipeleka dirishani upande wa mnara inasaidia kweli. Lakini saa mbili usiku mtaa mzima uko mtandaoni, mnara umeelemewa, unaona RSRP nzuri kabisa na video inazunguka tu. Hapo antena haina dawa. Kama faiba imepita mtaani kwako chukua faiba, hii iache kwenye droo ya safari. Na usiishindishe kwenye chaji mwezi mzima na joto la Dar, betri ya lithiamu yoyote ukiifanyia hivyo inaweza kuvimba mpaka ikainua mfuniko. Kompyuta yako nayo iambie hiyo waifai ni ya kulipia kwa kipimo, kwenye mipangilio imeandikwa metered connection, la sivyo Windows itapakua masasisho usiku na asubuhi bando halipo.

Kesho tunapita Mikumi, zile kilomita 50 hivi za ndani ya hifadhi, halafu Ruaha Mbuyuni na kona za Kitonga. Antena zinabaki dirishani, namba zote ntazirekodi, video itapanda nikifika Iringa kwenye mtandao wa maana, kwa hiyo kama hujasabskraibu fanya hivyo.

Komenti moja kabla sijazima kamera, kuna mtu kauliza eti antena ikiongeza mtandao na bando linaongezeka? Hapana mdau. Litaisha haraka zaidi, maana sasa video zinafunguka.