Waya waliuvuta vizuri, mlango wakauacha wazi

Majirani watatu hapa Tabata Kimanga wameniuliza kama huduma ya intaneti niliyofungiwa nyumbani inafaa. Jina la kampuni sitalitaja, nitaeleza tu walivyonihudumia.

Kwanza niwape haki yao. Nililipa Jumatatu, na Jumatano asubuhi mafundi wawili walikuwa getini na ngazi yao. Waliuvuta waya kutoka kwenye nguzo, wakaupitisha juu ya fensi mpaka dirisha la sebuleni, wakatoboa tundu dogo na kuliziba kwa silikoni, vumbi wakafagia wenyewe. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, shilingi 60,000 kwa mwezi. Mimi ni fundi cherehani. Wateja wananitumia picha za mishono, nami nawarushia video nguo ikikamilika, kwa hiyo bando la simu lilikuwa linanimaliza. Wiki mbili za mwanzo nilifurahi sana.

Kabla ya kuondoka, yule kijana mkubwa aliniambia, "Mama, paswedi nimekuwekea rahisi ili usisumbuke." Ilikuwa moja mpaka nane. Nikamwambia ahsante mwanangu.

Wiki ya tatu mambo yakabadilika. Ikifika saa kumi na mbili jioni, video haiendi. Nikapiga huduma kwa wateja: zima ruta (kile kisanduku cha kugawa waifai), subiri dakika tano, washa. Nimefanya hivyo jioni nne mfululizo. Mara ya tano dada wa kwenye simu akanishauri nipande kifurushi cha juu. Hakuniuliza nyumbani tuko wangapi wala hakutazama ni nani anaitumia hiyo intaneti. Hilo bado linaniuma, maana nilikuwa karibu kulipa.

Jumapili akaja mpwa wangu, anasomea mambo ya kompyuta. Akakaa sakafuni, akaigeuza ruta chali. Chini yake pana kikaratasi kilichobandikwa: anwani 192.168.1.1, jina admin, neno la siri admin. Akaandika hayo kwenye simu yangu, ukurasa wa mipangilio ya ruta ukafunguka, kisha akanigeuzia simu nione mwenyewe. Vifaa 19 vilikuwa vimeunganishwa. Nyumbani tuna simu nne, kompyuta mpakato moja na televisheni.

Nikatoka nje. Ukutani kwangu, chini ya mwarobaini, ni kijiwe cha bodaboda, vijana ninaowafahamu tangu wadogo. Nikawauliza kwa upole. Mmoja akasema, "Shikamoo mama. Sisi tulijua umeturuhusu, maana tulijaribu moja mpaka nane ikakubali." Sina kinyongo nao. Kilichoninyima usingizi ni kwamba ule ukurasa wa ruta nao ulikuwa wazi. Yeyote aliyeunganishwa angeweza kuingia, akabadilisha mipangilio, akanifungia nje ya ruta yangu, hata akanipeleka kwenye tovuti za uongo mimi nikidhani niko benki. Na fomu ya huduma nilijaza kwa jina langu na namba yangu ya NIDA. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Mtu akimtapeli mwenzake kupitia kwangu, nyayo zinaishia getini kwangu.

Nikawapigia tena kampuni. Jibu: "Usalama wa waifai ni jukumu la mteja."

Jibu hilo ni nusu ya ukweli. Ujerumani mwaka 2010 mahakama yao ya juu iliamua kesi ya mtu ambaye waifai yake ilitumiwa kusambaza wimbo bila idhini, naye yuko likizo. Ikasema mwenye waifai ya nyumbani anawajibika kuweka neno la siri lake mwenyewe, refu, asiache lile la kiwandani. Sawa, mzigo wa mwenye nyumba. Lakini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya intaneti vya nyumbani vyenye neno la siri moja kwa wote, lililo rahisi kukisiwa. Huo ni mzigo wa kiwanda na muuzaji. Kwangu mimi kiwanda kiliandika admin, fundi akaandika moja mpaka nane, halafu naulizwa mimi. Mwenye nyumba atafunga mlango, ndiyo, ila akabidhiwe funguo na aonyeshwe kitasa kilipo. Siku ile sebuleni aliyejua kwamba kuna kitasa alikuwa fundi peke yake.

Mpwa wangu alianza na neno la siri la ule ukurasa. Kisha la waifai: maneno manne ya kazi yangu yasiyohusiana, herufi zaidi ya ishirini. Akachagua WPA2, aina ya ulinzi wa waifai, kwa kuwa ruta hii haina WPA3, ile mpya zaidi iliyotoka 2018. Akazima WPS, ile njia ya kuunganisha haraka kwa kitufe au kwa namba, kwa sababu tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu nane inapatikana kwa kujaribu mara kama 11,000 tu. Wateja wangu akawafungulia mtandao wao wa wageni. Dakika ishirini na tano, na chai juu. Fundi angeweza kuyafanya hayo mwenzake akifagia.

Tangu hapo video zinaenda hata saa mbili usiku, na kifurushi ni kilekile. Kwa hiyo majirani zangu, huduma chukueni, kasi ipo na mafundi wana adabu. Fomu ya kupokea kazi tu msiisaini mpaka muonyeshwe ule ukurasa.

Jumanne walikuja kumfungia mama wa nyumba ya pili, nikaenda kusimama naye. Yule kijana akanitambua. Nikamwomba aigeuze ruta chali, akaigeuza, akaufungua ukurasa na kumpa mama simu. Mama akaandika polepole kwa kidole kimoja, na kijana akageuka akatazama ukutani mpaka alipomaliza.