Nililipia Saa, Nikaonyeshwa Mkia wa Caravan

Ukitafuta chuo cha urubani pale Wilson, Nairobi, usianze na bei ya saa. Uliza saa yenyewe inaanza kuhesabiwa wapi. Mimi sikuuliza.

Juzijuzi nilipangiwa saa nne asubuhi, nijizoeze kutua peke yangu. Nikawasha kandege ka mafunzo, Cessna 152, na mita ya Hobbs, ile wanayotumia kukutoza, ikaanza kula. Mita hiyo haijali kama uko angani au umesimama. Injini ikinguruma tu, inahesabu. Nikafika pale pa kusubiri kabla ya kuingia njia ya kurukia. Mbele yangu ndege mbili aina ya Caravan za watalii wa Mara, nyuma foleni. Mnara wa kuongoza ndege: subiri. Ikatua moja. Subiri. Ikatua nyingine. Jasho linanitiririka, macho yameganda kwenye tarakimu: nukta moja, nukta mbili, nukta tatu, kila nukta dakika sita... Naruka hatimaye, jua limeshapamba moto, na Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi. Kale kandege kalipanda kwa kulalamika kama mzee aliyekuta lifti imeharibika. Nikatua mara tatu. Tatu! Bili: saa moja na nukta mbili.

Nikamwuliza jamaa wa dawatini, kwa adabu kabisa, kama ule muda wa foleni hauwezi kupunguzwa. Hakuinua macho kwenye simu yake.

"Boss, hii ni ndege, si boda boda. Kwani dakika hizo hukuziandika kwenye logibuku, daftari lako la saa za kuruka?"

Niliziandika, ndiyo. Kisheria ni halali, maana muda wa safari huanza pale ndege inaposogea kwenda kuruka. Hapo ndipo paliponichoma: nikifikisha saa 200 za leseni ya urubani wa biashara, ngapi zitakuwa za kutazama mkia wa mwenzangu? Na sacco wanakata mkopo wao kila mwezi, foleni isiwe foleni. Msiende pale. Nasema msiende.

Ila mwalimu wangu... Siku yangu ya kwanza kuruka peke yangu alifungua mlango, akashuka, akasema tu "usisahau breki," akaniachia ndege. Nilizunguka uwanja nikiimba peke yangu kama mwehu. Mwalimu wa namna hiyo sijui nitampata wapi. Na tuseme ukweli, wenzangu waliojifunza uwanja mdogo wa Orly, kule Kajiado, wanawasha na kuruka bila foleni, lakini wawili kati yao niliowasikia wakija Wilson walibabaika redioni mpaka nikawaonea huruma. Ile foleni ninayoitukana imenifunza kusikiliza.

Haya, basi nendeni. Lakini chukueni zamu za alfajiri, na yule wa dawatini msimsalimie.

Mimi mwenyewe jana nilimpigia kuomba saa moja asubuhi. Akaniambia zimejaa, imebaki saa nne. Nikamwambia aniandike.