Mapambo ya asili kwa Krismasi ya Dodoma: kipi ununue kwanza, kipi mwisho

Desemba ikikaribia, wenye nyumba na wenye maduka Dodoma hukimbilia mti wa plastiki, wakati mapambo bora yamejaa vitaluni, mashambani na kwa wauza vyuma chakavu. Tumeyapanga kwa kigezo kimoja: kinachobaki na kazi baada ya sikukuu kiko juu, kinachoishia jalalani kiko chini.

1. Mche wa mvinje kwenye ndoo

Huu ndio ununuzi wa kwanza, na sababu ni mvua. Msimu wetu huanza Desemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo mche unatoka sebuleni na kuingia ardhini wakati unaofaa kabisa.

Kitaluni chagua mche wa mita 1 hadi 1.5, shina moja, limenyooka. Inua kiriba, yaani mfuko wa plastiki uliootesha mche, utazame chini. Kama mizizi mikubwa imeshatoboa na kuzama ardhini, uache. Ukiing'oa pale, mche utanyauka kabla hata hujaupamba. Nunua katikati ya Novemba, uuhamishie kwenye ndoo ya lita 20 yenye matundu sita chini, kwa udongo makopo matatu, samadi iliyooza kopo moja na mchanga kopo moja. Uuweke kivulini hadi uchangamke, kisha uuingize ndani karibu na dirisha, usizidishe siku kumi.

Miche mingi huuawa na maji, si kiu. Ndoo haina matundu, mwenye nyumba anamwagilia kila asubuhi, mizizi inakosa hewa na majani yanageuka njano. Akiona njano anadhani ni ukame, anaongeza maji. Chomeka kidole udongoni: kikitoka kikavu, mwagilia, kikitoka na udongo mbichi, acha. Usiuweke chini ya feni wala mbele ya kiyoyozi. Baada ya sikukuu urudishe kivulini siku chache, ndipo uupande, angalau mita tano kutoka kwenye ukuta, bomba la maji au shimo la choo.

Kwa hoteli au ofisi yenye nafasi, araukaria, mti wa mapambo unaofanana na msonobari, ina umbo zuri zaidi na huvumilia kukaa chunguni miaka kadhaa. Bei yake ni ya juu na hukua polepole.

2. Shada la matawi ya mizabibu

Hapa Dodoma imebarikiwa. Wakulima wa Mpunguzi, Hombolo na Makutupora hupogoa mizabibu, na matawi yale mara nyingi huishia kuchomwa. Omba yenye unene wa penseli na urefu wa mita mbili. Sita yanatosha shada moja la mlangoni, na bei ni maelewano.

Yakiwa makavu, yaloweke kwenye karai usiku mzima, la sivyo yatavunjika ukiyakunja. Kunja tawi la kwanza liwe duara la sentimita 40, kisha zungushia mengine moja baada ya jingine, ukichomeka ncha ndani. Funga sehemu nne kwa kamba ya katani. Lilaze bapa, weka jiwe juu, likauke siku tatu kabla ya kulipamba. Ukilipamba bichi litaota ukungu. Usilijaze maua meupe, maana mgeni atakumbuka makaburini. Utepe wa khanga nyekundu na masuke machache ya mtama vinatosha.

3. Vibuyu, mtama na vikapu

Kibuyu kilichokomaa na kukauka ni chepesi, na ukucha hauzami ndani yake. Kitoboe kwa drili ya milimita 6, uingize taa ndogo za LED za betri, ukitundike dukani juu ya kaunta. Usiku kinapendeza kuliko mpira wowote wa kumetameta. Masuke ya mtama na uwele yaanike juani siku tatu kwanza, kwa sababu fukusi wakiingia nayo ndani watahamia kwenye unga. Usiyaweke chini: panya na kuku hawajui sikukuu. Vikapu vya ukindu vifunike ndoo ya mche, halafu vitumike sokoni mwaka mzima.

4. Vitu vya kale

Chemli, pasi ya mkaa, sanduku la bati. Chemli ijaze maji kabla ya kulipa, usubiri dakika kumi. Tangi lililoliwa na kutu litavuja. Angalia kioo, na kama kitasa cha utambi kinazunguka. Ndani ya duka lenye nguo au makaratasi usiwashe mafuta ya taa, weka taa ya betri. Pasi moja na sanduku moja dirishani vinatosha. Vikizidi, duka linafanana na stoo.

5. Matawi yaliyokatwa

Msonobari unaoletwa kutoka nyanda za juu kama Mufindi hufika umeshapoteza maji njiani. Pitisha mkono kwenye tawi: sindano zikidondoka, achana nalo. La kijani likate sentimita mbili za kitako na ulitie majini papo hapo. Maua mekundu ya mkrismasi ni ya mezani kwa siku moja tu, yakikatwa hunyauka haraka.

6. Mti wa plastiki

Una nafasi yake kwenye duka lenye vumbi jingi, mradi utautumia miaka mingi. Dai miguu ya chuma; ya plastiki huvunjika mapema.

Taa zinahitajika popote. Chukua LED, kwani hazichomi majani makavu, na za nje ziwe na alama ya IP44 kwa ajili ya mvua. Nyingi huja na plagi ya pini mbili, na watu huchomeka kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili iingie. Usifanye hivyo: nunua adapta palepale unaponunua taa.