Mteja wa Zamani Kulipa Zaidi ya Mgeni: Uzoefu Wangu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitumia intaneti ya nyumbani ya kampuni moja, na kuhusu huduma yenyewe sina lalamiko kubwa: kasi ni ile waliyoahidi, mtandao hukatika mara chache, na mafundi hufika siku waliyosema. Kasoro yao iko katika namna wanavyowatendea wateja wa zamani. Nilipoona kifurushi kilekile ninachotumia kikitangazwa kwa bei ya chini kuliko ninayolipa, nilipiga simu huduma kwa wateja, nikaelezwa kwa upole kwamba bei ile ni ya wanaojiunga tu. Niliposema kwamba basi nitahama, nilihamishiwa idara nyingine, na punguzo ambalo halikuwezekana likapatikana papo hapo.

Kampuni hiyo inao pia mpango wa pointi za kubadilishwa kwa zawadi, ambazo huisha muda na ambazo thamani yake hupangwa na kampuni yenyewe. Mipango ya namna hii si mipya: shirika la ndege la Marekani, American Airlines, lilianzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, likiwahesabia abiria maili walizosafiri, na mashirika mengine yakaiga. Sioni ubaya wake, ila siihesabu kuwa shukrani, kwa kuwa gharama ya zawadi hizo imo tayari katika bei tunayolipa, na aghalabu kampuni hupata pia taarifa za manunuzi yetu (ambazo, kwa maoni yangu, zina thamani kuliko pointi zenyewe).

Kwa hiyo zawadi sizidai; ninachotarajia ni kutotozwa zaidi kwa sababu tu sikuhama. Nchini Uingereza jambo hilo ni sharti katika bima za magari na nyumba: tangu Januari 2022, mteja anayehuisha bima yake hatakiwi kutozwa bei inayozidi ile ambayo angepewa kama angekuwa mteja mpya. Kabla ya hapo, kampuni nyingi zilikuwa zikipandisha bei kidogo kidogo kila mwaka kwa wale zilioona hawana mwelekeo wa kuhama.

Naipa huduma hii nyota tatu kati ya tano, na mbili nilizoziondoa ni kwa ajili ya bei. Anayetaka kujiunga ajiunge, ila aulize mapema atalipa kiasi gani muda wa ofa ukiisha, na jibu hilo apewe kwa maandishi.