Mwaka wangu wa filamu ni 1995

Wengine wataapa kwa 1994. Mimi na 1995 hatuachani. Sababu ya kwanza ni Heat ya Michael Mann. Al Pacino na Robert De Niro wote walikuwemo kwenye The Godfather Part II, lakini hawakukutana katika tukio hata moja. Kwenye Heat wanakaa meza moja, polisi na jambazi, kahawa mbele yao, wanaongea taratibu kama watu waliochoshwa na kazi. Kila nikirudia sehemu hiyo najikuta namtazama anayesikiliza, si anayeongea. Halafu yale mapambano ya barabarani baada ya wizi wa benki! Muziki hakuna, ni milio ya bunduki tu inayogonga maghorofa na kurudi. Ukiitazama kwa spika ya simu umejidhulumu. Ila karibu saa tatu ni nyingi, na wanawake wamepewa machozi tu.

Seven ya David Fincher ni mvua na giza. Niliipenda, kuirudia siwezi.

Toy Story, filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, niliidharau nikidhani ni ya watoto. Buzz, yule mwanasesere wa mwanaanga, alipojaribu kuruka, akaanguka na mkono ukang'oka, nikajifanya nafuta miwani.