Fundi wa Kamalondo mwenye alinionyesha vantilatere yetu ilitoka wapi

Kama uko na vantilatere (feni) ya zamani kwa plafoni, ile ya chuma nzito yenye haina jina wala plaki, na unataka kujua nani aliitengeneza mbele uiuze ao uipake rangi, enda kwa ule papa mwenye anabobina bamotere (anafunga upya waya za ndani) kule Kamalondo, Lubumbashi. Kwa kazi namupa nyota tano juu ya tano. Kwa muda, tatu.

Yetu ilikuwa kwa salon ya nyumba ya babu, Makomeno, tangu mama eko mutoto. Babu alitumika Union Minière, kampuni ya migodi, mbele igeuke Gécamines, na ile vantilatere njo kitu moja ya kwake yenye ilibaki na ilikuwa inazunguka bado. Mwaka jana ilianza kulia, nikaipeleka kwa fundi mwingine, ule akaniambia ni ya Marekani, ni General Electric, ina bei kubwa, kisha akaipiga msasa na kuipaka rangi ya feza bila kuniuliza. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma.

Papa wa Kamalondo alipoiona, kitu ya kwanza alifanya ni kupitisha kidole chini ya motere, pole pole, mpaka akapata matundu mawili madogo yenye yalijaa rangi. Akaniambia: "Mwanangu, apa njo kulikuwa plaki. Rangi ya kwanza ingebaki na alama yake, kama ni ya duara ao ya yai, na alama njo ingetusaidia. Sasa msasa umekula." Kwa hiyo nawaomba, bandugu: mbele mupige msasa ao muoshe na petroli, pigeni foto, hata vumbi muiache.

Basi alibakia na chuma yenyewe. Alipima toka katikati mpaka ncha ya bawa, akazidisha mara mbili, ikatoka milimita 1422, ni inchi 56 kamili. Kisha akafungua visi, akatosha kakipande ka chuma kenye meno-meno kama msumeno, akakalaza juu ya visi, akakainua kwa mwanga wa mlango. Meno 20 kwa inchi moja. Visi vya metriki haviingii pale, kwa hiyo hapo hapo akaweka kando ACEC ya Charleroi, kampuni ya Ubelgiji, yenye mi nilikuwa naifikiria ju Babelgiji njo walikuwa huku, na Marelli ya Italia pia. Lakini visi vya Marekani vya ukubwa ule viko pia na meno 20! Akanionyesha tofauti: ya Uingereza, ile banaita Whitworth, jino lake liko na pembe ya digrii 55, ya Marekani digrii 60. Akajaribisha bipande bibili: kale ka digrii 60 kalicheza juu ya visi yetu, kale ka 55 kakalala kimya bila mwanga kupita. Ile dakika sitaisahau.

Nikamuuliza basi Uingereza inafika namna gani huku kwetu. Akanikumbusha reli: ilifika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910 kutoka kusini, kupitia Rhodesia, na ile ya Benguela yenye inatoka bahari ya Angola ilikuja kufika Katanga karibu na 1931. Zile miaka yote katikati, vitu vingi vilipanda kutoka upande wa Baingereza. Akaongeza haraka kwamba hiyo haihakikishi kitu, na kwamba hata India walitengeneza bavantilatere kwa vipimo vya Kiingereza, kwa hiyo visi peke yake haitoshi.

Kwa hiyo alishusha kutoka kwa rafu vantilatere ingine yenye plaki yake bado iko, GEC, akafungua bawa moja ya ile na kulijaribisha kwa yetu. Matundu matatu yote yaliangukia sawa, buloni zikaingia kwa vidole bila kulazimisha. Halafu pete ya gololi ndani iliandikwa Hoffmann, nayo ni ya Chelmsford, Uingereza, ingawa alisema pete inaweza kubadilishwa na fundi yeyote, asiitegemee sana.

Na hapa njo nilielewa kosa la ule wa kwanza. GEC ya Uingereza, yenye ilikuwa na kiwanda kikubwa Witton, Birmingham, na General Electric ya Marekani ni kampuni mbili tofauti kabisa, majina tu yanafanana. Papa aliniandikia kwa karatasi: "GEC, Uingereza, karibu na hakika." Nilimuomba atoe "karibu", ju mununuzi alikuwa ananingojea, akakataa. Akakataa pia kuniwekea plaki ya zamani kutoka kwa kopo lake. Niliheshimu ile.

Alinilipisha dola 15 kwa kuangalia, kubobina ni bei ingine. Alisema siku nne, ikawa wiki mbili, na simu hashiki mchana. Enda mwenyewe asubuhi, beba vantilatere pamoja na mabawa yote na kile kisanduku cha mwendo cha ukutani, mi nilisahau kisanduku ikabidi nirudi. Mununuzi nilimwambia aache, sasa imerudi Makomeno, mama analala chini yake saa ya joto.