Kichomi cha Kezilahabi, kwa msomaji wa Mvita aliyezoea mizani

Diwani hii ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974. Msomaji wa Mombasa aliyelelewa na tungo za Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, huifungua, akahesabu mizani ya mstari wa kwanza, asipate 8 kwa 8 (silabi nane katika kila nusu ya mstari), akaifunga. Anajinyima kitabu kinachozidi kunoga kila kikirudiwa.

Ugumu wake hauko kwenye msamiati. Kwa Muyaka mtu hukwama kwenye neno la kale la Kimvita, au kwenye kisa: anayesemwa ni nani, na Wamazrui waliotawala Mombasa na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, walikuwa wamefikia wapi katika ugomvi wao? Akishaambiwa, fumbo limefumbuka. Kezilahabi anatumia maneno ya kila siku, na utangulizi wake unalitetea jambo hilo waziwazi (usiuruke). Kamusi haikufai hapa, wala mzee wa barazani mwenye habari za zamani. Ufunguo umo ndani ya picha yenyewe, nayo huna budi kuifuata mpaka mwisho wake.

Anza na "Dhamiri Yangu", maana ni fupi na picha yake ni moja. Msemaji amefungwa shingoni kama mbuzi. Inayomfunga ni dhamiri, na mti aliofungiwa ni wa utu. Kamba ni fupi. Majani anayoyafikia amekwisha kuyala, na mbele yake anayaona mengine tele. Lisome kwa sauti mara tatu. Kwanza fuata nukta na mkato tu, usitue mwisho wa mstari. Mara ya pili tua kila mstari unapokatwa, hata kama sentensi haijaisha: mishata hiyo, yaani mistari inayokatwa kabla maana haijatimia, ndiyo iliyoshika nafasi ya vina, na sikio lililovizoea hulisikia pengo lake mara moja. Kisha shika penseli, orodhesha kila kitu kinachoshikika, yaani shingo, kamba, mti, majani, na kwa kila kimoja uliza kinamfanyia nini msemaji. Ndipo usome mara ya tatu.

Utagundua kuwa kamba inamtesa kwa njaa, na kamba hiyohiyo ndiyo inayomshikilia kwenye utu. Akiikata atashiba, lakini atakuwa nani baada ya hapo? Msemaji anasema hataki ikatike, na bado analia kuwa nyasi zimekwisha. Wasomaji wengi hupotelea papa hapa kwa mazoea ya mtihani: wanaandika "ujumbe: tuwe na dhamiri njema", na shairi linawafia mkononi. Maumivu ya yule mbuzi ndiyo shairi lenyewe.

"Kisu Mkononi" ni zito zaidi. Picha zinapokezana, miaka inaibwa mmoja mmoja, gurudumu linaporomoka mteremkoni, na ukijaribu kuzilazimisha ziwe hadithi moja utachoka bure. Fuata vitenzi badala yake, uone mwendo unavyozidi kasi na msemaji anavyokosa pa kushika. Mawili kama haya kwa kikao kimoja yanatosha.

Mashairi ya siasa ni dhaifu kidogo. Yanamtaka msomaji ajue Azimio la Arusha la 1967 na Ujamaa, na mengine yanajieleza kupita kiasi.

Ukinunua nakala ya mtumba, kagua kurasa za mbele kwanza. Hizo ndizo zinazong'oka mapema, na utangulizi huenda nazo. Usitegemee mashairi yaliyonakiliwa kwenye simu. Kioo chembamba huvunja mistari kinavyotaka chenyewe, na hutajua mkato upi ni wa mshairi na upi ni wa simu.

Karibu Ndani (1988) ya mwandishi huyohuyo iache mpaka uwe umemaliza Kichomi. Humo lugha imebanwa zaidi na falsafa imetangulia mbele, na asiyekwisha kuzoea kukaa na picha moja bila kuitafutia jibu ataiweka chini kabla ya kufika katikati.